Injini Ndogo Kwenye Mlima wa Soni

Kila Ijumaa asubuhi Sabiri aliosha gari lake mbele ya nyumba yao, Chumbageni. Lilikuwa gari kubwa, jeupe, la viti saba. Alilinunua ili familia yake isigawanyike tena safarini. Zamani, wakienda harusini au msibani, wanaume walitangulia kwa basi. Wanawake walifuata kwa gari la kukodi. Mama yake, Bi Mwanasiti, mwenye nyonga mbovu, alifika mwisho, amechoka hoi. Sasa wangekwenda wote pamoja.

Sabiri aliuza vitambaa Ngamiani. Alikuwa mtu wa vipimo. Kitambaa alikipima mara mbili kabla ya kukikata. Lakini gari hakulipima. Alilipenda tu.

Ijumaa moja alikuja mjomba wake, Mzee Idarusi, kaka wa Bi Mwanasiti. Mzee huyu aliendesha malori ya mkonge tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Mtaa mzima ulimwita Dereva.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu fungua boneti, niuone moyo wa mnyama huyu."

Sabiri akafungua. Mzee akainama, akatazama, kisha akainuka huku akicheka.

"Mwanangu, injini iko wapi? Au waliisahau bandarini?"

"Si hiyo, mjomba."

"Hii? Hii si ya cherehani hii! Weye umezoea mafundi nguo, wamekuuzia cherehani."

Rahimu, mdogo wake Sabiri, alikuwa kibarazani akinywa chai. Naye akadakia, "Mwili wa ng'ombe, moyo wa kuku!"

"Ni lita moja na robo," Sabiri alisema. "Lakini ina tabo. Muuzaji aliniambia ina nguvu kama injini ya lita mbili."

"Muuzaji!" Mzee Idarusi alitema mate pembeni. "Muuza samaki atakwambia samaki wake ananuka?"

Upande wa pili wa ukuta, jirani yao alikuwa akianika nguo. Jina lake Shaima, binti wa Mzee Marhun mwenye shamba la minazi. Shaima alifundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja mjini. Alisikia yote.

"Shikamoo, Mzee Idarusi. Sabiri, injini za namna hiyo si mbaya. Ila zina masharti yake. Kabla hujabadilisha kitu chochote humo ndani, njoo uniulize."

"Marahaba, binti Marhun," alijibu Mzee Idarusi. "Anika nguo zako, mwanangu. Magari tuachie sisi tuliolala chini yake."

Watu wakacheka. Shaima naye akatabasamu, akaendelea kuanika. Sabiri alitaka kusema neno. Lakini mjomba hakosolewi mbele za watu. Ndivyo walivyolelewa. Akafunga boneti.

Juma lililofuata, Mzee Idarusi alimpeleka Sabiri gereji kwa Ernesti, fundi aliyemjua kwa miaka mingi. Akatoa amri zake mwenyewe.

"Kwanza mwaga hayo maji ya rangi kwenye rejeta. Hayo ya nchi za theluji. Tia maji. Pili, toa themostati. Kile kidude kinazuia maji yasizunguke. Hapa Tanga joto, maji yazunguke tu. Tatu, tia oili nzito. Oili nyepesi kama ile ni ya kukaangia maandazi."

Ernesti alikuna kichwa. "Mzee, magari haya mapya..."

"Ernesti, mimi na weye tumeanza kujuana jana?"

Ernesti akafanya alivyoambiwa. Maji yalikuwa ya kisima, kwenye madumu, kutoka nyumbani kwa Sabiri. Kisima chao kilikuwa na maji ya chumvichumvi, kama visima vingi vya karibu na bahari. Sabuni haikutoa povu. Birika lilishika ukoko mweupe ndani.

Sabra, mke wa Sabiri, aliwaona wakibeba madumu. "Maji yenyewe sisi hatuyanywi," alisema. "Mnalinywesha gari?"

"Gari halina ulimi," alijibu Mzee Idarusi.

Lilikuwa jibu la kuchekesha. Hakuna aliyelifikiria zaidi.

Mji wa Tanga ni tambarare. Gari lilikwenda Ngamiani na kurudi. Lilikwenda Nguvumali kwa wakwe. Siku moja lilifika hata Horohoro. Halikusumbua. Sabiri akaamini kuwa mjomba wake alijua. Kila mara maji yalipopungua kwenye rejeta, aliongeza ya kisima. Hakujiuliza maji yanakwenda wapi.

Bi Mwanasiti alikuwa na mdogo wake wa kike, Tausi. Tausi aliolewa na Msambaa, akahamia Lushoto akiwa bado msichana. Dada hao wawili walipendana sana. Siku ya kumwosha marehemu mama yao, wakiwa wameshika kata za maji mikononi, waliahidiana. Tausi ndiye aliyeanza.

"Dada, mimi sitaki kuoshwa na wageni. Nikitangulia, uje unioshe weye."

"Na nikitangulia mimi?"

"Nitashuka mlima kwa miguu."

Bi Mwanasiti aliikumbuka ahadi hiyo. Katika sanduku lake aliweka kifurushi cheupe. Ndani mlikuwa na karafuu maiti, udi, na chupa ya marashi. Wanawe walikiona na hawakukigusa. Walijua ni cha nani.

Asubuhi moja, baada ya sala ya Alfajiri, simu ya Sabiri ililia. Alikuwa Msafiri, mtoto wa Tausi.

"Kaka Sabiri. Mama ametutoka."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Lini?"

"Sasa hivi. Kaka, mwambie mama mkubwa. Wazee huku wanataka tuzike baada ya Adhuhuri. Nimewaomba wangoje mpaka Alasiri, kwa ajili yake. Baada ya hapo hawatangoja. Unajua mwenyewe, maiti haicheleweshwi."

Sabiri alimwambia mama yake. Bi Mwanasiti hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akavuta pumzi. Kisha akafungua sanduku, akatoa kile kifurushi.

"Tutafika?" aliuliza.

"Tutafika, mama. Gari si lipo?"

Kama wangeondoka papo hapo, wangefika mapema. Lakini msiba wa pwani hauna mtu mmoja. Shangazi wa Nguvumali alitaka kwenda. Mke wa Rahimu alitaka kwenda na mtoto. Majirani wawili waliokua pamoja na Tausi walikuja wamejifunga kanga, tayari. Nani angemwambia mfiwa kwamba nafasi hakuna? Wakaingia watu kumi na mmoja katika gari la viti saba. Kwenye keria wakafunga gunia la mchele, nazi, na masufuria mawili. Jua lilikuwa limeshapanda walipoondoka.

Kutoka Muheza mpaka Segera, na kutoka Korogwe mpaka Mombo, gari lilikwenda. Lilikuwa zito, lakini lilikwenda. Mzee Idarusi alikaa mbele. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Alikuwa anakwenda kumzika dada yake mdogo. Yeye, kaka mtu, ndiye angeingia kaburini kumpokea.

Mombo waliiacha barabara kuu. Mlima ukaanza.

Barabara ya Lushoto hupanda kwa kona. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Sabiri alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ilivuma kama nyuki. Ikapanda kona ya kwanza, na ya pili, na nyingine nyingi. Kisha, kabla ya kufika Soni, taa nyekundu ikawaka mbele ya Sabiri.

"Mjomba, taa ya joto."

Mzee Idarusi aliitazama. "Endesha. Taa hizo za kutishia watoto. Lori langu halikuwa na taa, na lilifika."

Sabiri aliiangalia ile taa. Alimtazama mama yake kwenye kioo. Bi Mwanasiti alikuwa amekipakata kifurushi kwa mikono miwili. Sabiri akaendesha.

Nguvu zikaanza kupotea. Gari likaenda kwa mwendo wa mtu. Nyuma, mtu alisema, "Nasikia harufu." Halafu mlio mkali ukatoka mbele, kama bati linalokwaruzwa. Moshi mweupe ukafunika kioo. Injini ikazima.

Sabiri aliweka breki ya mkono. Rahimu akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Limechemsha tu," alisema Mzee Idarusi. "Maji. Leteni maji."

Kulikuwa na kijito kando ya barabara. Rahimu akachota kwa sufuria. Mzee Idarusi akavua kanzu yake, akaizungusha mkononi, akafungua mfuniko wa rejeta. Maji yanayochemka yakaruka juu. Mzee akapiga ukelele. Mkono wake uliungua kutoka kiganja mpaka kiwiko. Lakini hakurudi nyuma. Kwa mkono mzima, akamimina maji baridi ya kijito ndani ya injini iliyokuwa inaunguza.

Wote waliisikia. Ko! Sauti fupi, kavu, kama ya kigae kinachopasuka.

"Washa," alisema Mzee.

Sabiri alizungusha ufunguo. Injini haikuwaka tena.

Basi la kwanza lililopita lilikuwa limejaa. La pili halikusimama. Malori yaliyopita yalikuwa yanashuka, yamebeba kabichi. Bi Mwanasiti aliketi juu ya jiwe, kifurushi mapajani. Kila gari liliposikika, aliinua kichwa. Lilipopita, alikiinamisha. Simu ya Sabiri ililia mara kwa mara.

"Mko wapi, kaka?"

"Karibu na Soni. Tunatafuta usafiri."

"Wameshaniuliza mara nyingi. Maji yako tayari, yamepashwa."

Baadaye akapiga tena. "Kaka, wanawake wanasema wataanza kumwosha. Siwezi kuwazuia tena. Nisamehe."

Sabiri hakujua amwambieje mama yake. Hakuwa na haja. Bi Mwanasiti alikuwa anamtazama usoni.

"Wameanza," alisema. Hakuwa anauliza.

Mwishowe mtu mmoja mwenye gari dogo alisimama. Aliwachukua watatu: Bi Mwanasiti, Mzee Idarusi na Sabiri. Rahimu alibaki na gari na wale wengine.

Walipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Miguu yao ilikuwa na udongo mwekundu. Msafiri alikuwa mbele yao. Alipomwona Mzee Idarusi, alisimama, akafungua mikono. Mzee alitazama ule udongo miguuni mwa watu. Aliutazama kwa muda mrefu.

Ndani, wanawake walimpokea Bi Mwanasiti. Walimwambia yote, kwa nia njema. Walimwambia kuwa walipasha maji, yakapoa. Wakayapasha tena, yakapoa tena. Bi Mwanasiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani alimwosha kichwa. Mwanamke mmoja akasema ni yeye. Bi Mwanasiti akamshukuru.

Alirudi Tanga na kifurushi chake. Hakikuwa kimefunguliwa.

Gari lililetwa likivutwa. Liliwekwa uani, chini ya turubai. Kuku wakalalia keria yake. Kila asubuhi Sabiri alipita mbele yake akienda dukani, bila kulitazama. Bi Mwanasiti hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomwumiza Sabiri zaidi. Mama yake alikula kidogo, akasema kidogo. Mzee Idarusi hakuja tena nyumbani. Watu walisema mkono haujapona. Sabiri alijua kuwa si mkono.

Siku moja Sabiri aligonga mlango wa Shaima.

"Mwalimu, nataka kuitoa ile injini. Ernesti anasema inapatikana injini kubwa ya gari la zamani. Anaweza kuipachika. Nataka kulimaliza jambo hili."

"Je, umeshajua ile ndogo imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Imekufa kwa udogo."

"Nani amekwambia?"

Sabiri alirudi kulifunua gari.

Shaima alikuja na vifaa vyake. Alifanya kazi polepole, bila haraka wala maneno. Alifungua sehemu ya juu ya injini, akaiweka juu ya gunia. Sabra na Rahimu walisogea kutazama. Walipogeuka, walimwona Mzee Idarusi langoni. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Labda Sabra ndiye aliyemwita. Akaingia, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Tazameni hapa," alisema Shaima. Alionyesha matundu madogo ndani ya chuma. Yalikuwa yamejaa ukoko mweupe na kutu. "Hizi ni njia za maji. Mnauona huu ukoko? Mmeuona wapi tena?"

"Kwenye birika," alijibu Sabra.

"Ndio huohuo. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa. Yakipata moto, yanaacha ukoko. Chumvi inakula chuma. Yale maji ya rangi yaliyomwagwa yana dawa ya kuzuia kutu. Tena hayachemki upesi kama maji matupu."

"Na themostati?" aliuliza Rahimu. "Si inazuia maji?"

"Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, maji yanazunguka ndani kwa njia ya mkato ili injini ipate moto wake. Injini ikipata moto, mlango hufunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Lakini katika injini hii, mlango huohuo ukifunguka huiziba ile njia ya mkato. Mkiutoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Mjini hamkuona kitu, kwa sababu injini haikufanya kazi ngumu. Mlimani mkaona."

Alichukua kitu cha duara, kikubwa kama ngumi. Alijaribu kukizungusha kijiti cha katikati kwa kidole. Hakikuzunguka.

"Hii ndiyo tabo. Ni feni inayozungushwa na moshi wa injini. Kazi yake ni kuisukumia injini hewa. Injini ikipata hewa nyingi, inachoma mafuta mengi, inatoa nguvu nyingi. Ndiyo maana muuzaji alisema ina nguvu za lita mbili. Hakusema uongo. Lakini nguvu hizo zina joto lake. Feni hii huzunguka kwa kasi kubwa mno, na kinachoilinda ni oili. Oili nzito hupita kwa shida kwenye vinjia vyembamba. Feni imekauka, imejiua."

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Sabiri. "Injini ndogo kwenye gari kubwa ni upumbavu."

"Subiri. Gari lako linakwenda wapi siku nyingi?"

"Ngamiani. Nguvumali."

"Ukiwa na watu wangapi?"

"Mimi na mke wangu. Wakati mwingine mama."

"Mlimani?"

"Mara mbili kwa mwaka. Idi, na..."

"Basi injini ndogo inakufaa. Katika safari hizo inakunywa mafuta kidogo kuliko injini kubwa. Mlimani, ukiwa na watu saba, tabo inakupa nguvu unayohitaji, ingawa hapo itakunywa kama kubwa, pengine zaidi. Kama ungepanda Lushoto kila wiki umejaza watu na mizigo, ningekwambia uuze hili, ununue lenye injini kubwa isiyojikamua. Gari huchaguliwa kwa safari zake. Lakini injini ndogo ina tabia moja. Haisamehe. Injini kubwa, nzito, yenye kazi ndogo, unaweza kuikosea mwaka mzima ikanyamaza. Hii unaikosea, inakungoja mlimani. Na watu kumi na mmoja? Hilo si swali la injini tena. Hata breki hazikutengenezwa kwa uzito huo."

"Na ile injini ya Ernesti?"

"Gari hili ni mwili mmoja. Giaboksi, rejeta, kompyuta yake, vyote vilipimwa kwa injini hii. Ukipachika nyingine, utakuwa unatafuta ugonjwa mpya."

Shaima alionyesha ufa mwembamba kwenye chuma. "Huu ulitokea mlipomimina maji baridi kwenye injini ya moto. Taa nyekundu ikiwaka, unasimama papo hapo. Unazima. Unangoja mpaka ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta hauguswi injini ikiwa ya moto. Mngesimama ilipowaka, mkaiacha ipoe, mkapunguza watu, huenda mngefika."

Mzee Idarusi alinyanyuka kutoka kwenye kinu.

"Binti Marhun. Niambie jambo moja. Ni mimi?"

"Mzee, ulichokijua kilikuwa cha malori ya zamani. Huko kilifanya kazi. Magari yamebadilika, na..."

"Sikuulizi habari za malori. Nauliza kama ni mimi."

Shaima alifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo wa kufariji.

"Ni wewe," alisema. "Na Ernesti, aliyejua akakuheshimu. Na Sabiri, aliyeiona taa akakuheshimu. Na mimi, niliyesikia nikarudi kwenye kamba ya nguo."

Mzee Idarusi alitikisa kichwa. "Hata kuingia kaburini sikuingia," alisema. "Mtoto niliyembeba mgongoni." Akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Matengenezo yalichukua muda. Sehemu ya juu ya injini ilipasuka, haikutengenezeka, ikatafutwa nyingine. Tabo ikanunuliwa mpya. Themostati ikarudi mahali pake. Shaima aliwafundisha Sabiri na Ernesti pamoja, mbele ya boneti moja. Oili ni ile iliyotajwa na watengenezaji, si nyingine, na hubadilishwa mapema, bila kungoja iwe nyeusi kama lami. Rejeta hutiwa maji ya rangi yaliyoagizwa, na hukaguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Maji yakipungua, hutafutwa yanakokwenda, hayaongezwi tu. Baada ya kupanda mlima, injini huachwa ingurume taratibu kidogo kabla ya kuzimwa, ili tabo ipoe. Na watu ni saba. Ernesti alisikiliza yote. Mwishoni alisema, "Mwalimu, siku nyingine mzee akinikatiza, nitamaliza sentensi yangu."

Kisomo cha arobaini kilikuwa kimepita bila wao. Walipanga kwenda kulizuru kaburi tu. Asubuhi ya safari, watu walijaa tena mlangoni, kanga zimefungwa. Sabiri alisimama mbele ya mlango wa gari.

"Jamaa zangu, ni viti saba," alisema. "Wa nane atapanda basi. Mnisamehe."

Watu walitazamana. Shangazi wa Nguvumali alifungua mdomo. Lakini kabla hajasema, Mzee Idarusi alipita katikati yao. Alikuwa na bakora na mfuko mdogo.

"Mimi nakwenda stendi," alisema. "Nina uzito, mimi."

"Mjomba, kiti chako cha mbele kipo."

"Mpe shangazi yako." Akaondoka kwa miguu, bila kugeuka.

Mlimani taa haikuwaka. Waliipita ile kona kabla ya Soni. Lile jiwe lilikuwepo bado, kando ya barabara. Sabiri aliliona. Mama yake pia aliliona. Injini ilivuta bila kelele. Mke wa Rahimu alisema, "Mashallah, gari jepesi." Bi Mwanasiti alikuwa amekipakata kile kifurushi. Walifika kabla ya Adhuhuri, na muda mwingi ukabaki.

Hapakuwa tena na mtu wa kumwahi.

Bi Mwanasiti alipelekwa mpaka penye kaburi. Alisimama nje ya uzio, kama ilivyo desturi ya wanawake, akaomba dua. Kisha akampa Msafiri ile chupa ya marashi kutoka kwenye kifurushi. Msafiri akaingia, akayanyunyiza juu ya udongo. Yalinukia kidogo, upepo wa mlimani ukayachukua.

Mzee Idarusi alifika kwa basi jioni. Akaenda makaburini peke yake.

Gari lile bado lipo Chumbageni. Halijachemsha tena. Kisima hutoa maji ya kuoshea bodi tu. Majirani kadhaa wamerudisha themostati zao, baada ya kumsikia Ernesti. Asubuhi, Sabiri akichukua ufunguo, Bi Mwanasiti humwuliza kutoka dirishani. Huuliza hata kama mwanawe anakwenda Ngamiani tu, mwendo mfupi.

"Maji umetazama?"

"Nimetazama, mama."

Naye husikiliza mpaka injini iwake, igeuke kona, isisikike tena.